Ari ya Jeshi Hutoka kwa Umma: Fundisho la FRELIMO, 1968–1970

Mara nyingi vita ya ukombozi ya Msumbiji husimuliwa kama safari iliyonyooka, tangu mapambano yalipoanza Chai tarehe 25 Septemba, 1964, hadi uhuru wa tarehe 25 Juni, 1975. Historia ya namna hiyo haimsaidii kada. Jeshi la FRELIMO lilikaribia kukata tamaa. Namna lilivyojikwamua ndilo jambo la kuchambuliwa.

Tuanze na hali halisi. Mwaka 1966 kamanda wa jeshi, Filipe Samuel Magaia, aliuawa. Mwaka 1968 ofisi ya Dar es Salaam ilivamiwa, na shule ya sekondari ya chama ikafungwa kwa migogoro. Tarehe 3 Februari, 1969, Rais Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwaka huo huo Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno.

Je, chanzo kilikuwa upungufu wa silaha? La hasha. Katika maeneo yaliyokombolewa ya Cabo Delgado, mkoloni alikuwa ameondoka lakini unyonyaji umebaki. Nkavandame na wenyeviti wenzake walishika biashara. Mkulima alitoa mazao yake, akauziwa chumvi na nguo kwa bei ya kumkamua. Kupe wamebadilika rangi tu! Mpiganaji aliyeona hayo alijiuliza: namwaga damu kwa ajili ya nani? Wenyeviti nao, ili kujificha, walichochea ukabila dhidi ya makamanda waliotoka kusini.

Jibu lilikuwa la kisiasa. Julai 1968 Mkutano Mkuu wa Pili ulifanyika Niassa, ndani ya nchi yenyewe. Ulikubali kwamba vita itakuwa ya muda mrefu, kwamba itategemea umma, na kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, si rangi ya mtu. Askari alitakiwa kulima pamoja na wanakijiji. Wanawake, waliokuwa na kikosi chao tangu 1967, walibeba silaha, walilinda vijiji na kufundisha siasa. Vijana waliofunzwa Nachingwea, hapa Tanzania, walijifunza bunduki na siasa kwa pamoja.

Kipimo kilikuja Julai 1970. Jenerali Kaúlza de Arriaga alitupa kaskazini askari wapatao 35,000, wakiwa na ndege na helikopta. Kambi kubwa zilitekwa. Lakini wapiganaji, chini ya Samora Machel, walitawanyika katika vikundi vidogo, wakatega mabomu njiani, na wakapanua vita Tete. Mwaka huo huo walivuka Zambezi. Mwaka 1972 wakaingia Manica na Sofala. Jeshi lililovunjika moyo mwishowe lilikuwa la Wareno: Aprili 1974 maofisa wao waliipindua serikali yao wenyewe.

Tusifiche dosari. Baada ya uhuru, Nkavandame na Uria Simango waliuawa bila kuhukumiwa mahakamani. Kumshinda mpinzani kwa hoja ni nguvu. Kumwua bila kesi ni udhaifu.

Fundisho letu ni hili: ari haitolewi kwa amri, wala haiji na shehena ya silaha. Huzaliwa pale mpiganaji anapoona kwamba uhuru anaoupigania umekwisha anza kijijini. Kiongozi anayefanya duka la umma kuwa duka lake humnyang'anya askari bunduki, hata kabla adui hajafika.