"Denti wawili tu!": historia fupi ya njia ya kwenda shule Dar es Salaam

Historia ya elimu yetu huwa tunaisoma kwenye hotuba na nyaraka: Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Azimio la Musoma mwaka 1974, na kuendelea. Mimi naona kuna chanzo kingine ambacho wanahistoria wamekiachia makonda, nacho ni lugha ya mlangoni mwa daladala. Neno "denti", kwa mfano. Ni "student" ya Kiingereza iliyokatwa kichwa na kubakizwa mkia, na ukilisikia kituoni mara nyingi limefuatana na hesabu: "Denti wawili tu! Wengine subirini gari la nyuma!"

Kwa nini wawili? Jibu linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1970 serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam iliyojulikana kama DMT. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani na UDA ikabaki na jiji. Mabasi ya UDA yalikuwa machache, na yalizidi kupungua kadiri vipuri na fedha za kigeni zilivyoadimika. Wazee wetu wanakumbuka foleni, na wanakumbuka pia magari ya wizi yaliyoitwa "thumni", yaliyobeba watu kinyume cha sheria. Pamoja na shida zote hizo, mtoto aliyelipa nauli pungufu ndani ya basi la UDA hakuwa akimpunguzia mtu yeyote mle ndani mlo wake wa jioni. Pengo lilikuwa la shirika.

Mwaka 1983 serikali ilisalimu amri ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita "dala", na jina likapatikana hapo. Sasa hapa ndipo pa kutulia, msomaji. Serikali iliendelea kupanga nauli ya mwanafunzi, tena ya chini kuliko ya mtu mzima, ila basi halikuwa lake tena. Pengo likahama. Likaenda kwa nani? Kwa tajiri mwenye gari? Hapana. Daladala inaendeshwa kwa "hesabu": dereva na konda wanampelekea tajiri kiasi maalum kila siku, wanaweka mafuta, na kinachobaki ndicho chao. Matteo Rizzo, aliyeandika kitabu kizima juu ya wafanyakazi hawa mwaka 2017, anaonyesha jinsi wengi wao wanavyofanya kazi bila mkataba wowote. Kwa hiyo ruzuku ya elimu ya jiji zima imekuwa ikitoka mfukoni mwa kijana aliyening'inia mlangoni, asiye na mkataba. Halafu tunashangaa akisema wawili tu.

Sisemi hivi kumsafisha konda. Nilisoma sekondari nikikaa Tabata, shule ikiwa upande wa Mwenge, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tulikuwa tunapangwa pembeni ya mlango mpaka watu wazima waingie, wakae, wasimame, gari lianze kusogea, ndipo tunaruhusiwa kudandia. Yaani sehemu ya hatari kuliko zote ndiyo tuliyotengewa sisi. Wasichana walikuwa na mtihani mwingine: anayechelewa kurudi nyumbani hakosi mwenye gari dogo wa kumwambia "panda nikusogeze". Wengine walipanda kwa sababu giza lilikuwa linaingia, na wengine kwa sababu nauli ilishaisha tangu Jumatano.

Umbali wenyewe nao una historia. Kuanzia mwaka 2004, kwa mpango wa MMES, sekondari zilijengwa kwa wingi katika kata, na lengo lilikuwa zuri: shule iwe karibu na mtoto. Mjini hesabu haikutimia. Nafasi, ardhi na watoto havikukutana mahali pamoja, na mtoto akapangiwa shule ambayo mzazi wake hajawahi hata kupita. Mwaka 2016 ada ya sekondari ikafutwa hadi kidato cha nne. Nauli haikufutwa. Kwa shilingi 200 kila gari, anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi anatumia 800 kwa siku, 4,000 kwa wiki. Nyumba yenye wanafunzi watatu itafute 12,000 kabla hata ya daftari.

Wadogo wa shule za msingi wengi wanatembea, na hao wamekuwa kimya katika simulizi hii kwa sababu hawabishani na konda. Wao wanabishana na barabara yenyewe. Mji umepanuka kufuata lami, na shule iliyojengwa zamani penye utulivu sasa lango lake linatazama malori. Hapo ndipo napenda kuwataja watu wa Amend, shirika lililoanza kuzunguka kwenye shule za Dar likiuliza jambo ambalo ungedhani liliulizwa zamani: watoto wanaumia wapi hasa? Mpango wao, SARSAI, haukuleta makubwa. Njia ya miguu, matuta, kivuko kilichopakwa rangi, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Walipopima, majeraha ya watoto barabarani yalikuwa yamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kwanza kabisa ya WRI Ross, dola 250,000, mbele ya miradi ya miji mikubwa duniani.

Kati ya hatua zao zote, moja ndiyo inayonikaa akilini. Pale ilipowezekana, waliziba lango la shule linalotazama barabara kuu, wakatoboa ukuta upande wa pili, watoto wakatokea uchochoroni. Gharama yake ni matofali, saruji na fundi wa siku chache.