Vikaratasi vya Murray

Kazi yangu ni kufasiri mikataba ya bima, na humo neno la Kiingereza "consequential" halikosekani. Kinu cha kusaga mahindi kikiungua, jengo na mashine ndiyo hasara ya kwanza. Mapato anayoyakosa mwenye kinu wakati akingoja mashine nyingine ndiyo hasara inayoitwa kwa neno hilo, yaani iliyozaliwa na ile ya kwanza. Lakini magazeti ya Marekani humpa rais sifa hiyohiyo, na hapo maana yake ni mtu mzito, ambaye maamuzi yake yamegeuza mambo.

Wapo waliokataa katakata matumizi haya ya pili. Neno limetoka katika Kilatini, walisema, kwenye kitenzi cha kufuata, basi libaki huko. Mimi siwaungi mkono, na sababu yangu ni kibanda cha mabati.

Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliona kamusi za Kiingereza zilizokuwapo hazitoshi, kikaanza kukusanya ushahidi wa maneno kutoka vitabuni ili kutunga kamusi mpya. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861 akiwa na miaka 30 tu. Kazi ikazorota hadi mwaka 1879, ilipokabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule ya Mill Hill aliyeacha masomo akiwa na miaka 14, mtoto wa fundi cherehani wa Uskoti. Alijenga kibanda cha mabati kwenye bustani yake, akaletewa mzigo wa vikaratasi vyenye ushahidi huo, unaokaribia tani mbili. Katika gunia moja mlikuwa na panya aliyekufa. Katika jingine, panya hai na watoto wake. Vikaratasi vya herufi H vilikuwa Florence, Italia. Sehemu ya vile vya P ilipatikana kwenye zizi la farasi huko Ireland.

Murray akatoa wito kwa umma: someni, na kila mnapokuta neno linalofaa, andikeni sentensi nzima, jina la mwandishi, kitabu, ukurasa na mwaka. Barua zikamiminika. Alipohamia Oxford, posta iliweka sanduku la barua mbele ya nyumba yake, Banbury Road. Watoto wake 11 walipanga vikaratasi kwa alfabeti wakilipwa vijisenti. Mmoja wa wasomaji hodari kabisa, daktari wa jeshi la Marekani William Chester Minor, alituma maelfu ya sentensi kutoka Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili alikofungiwa baada ya kuua mtu.

Katika vikaratasi hivyo ndimo mabishano kama ya neno langu hupata mwamuzi. Ukitaka kujua kama "consequential" lilipata kumaanisha kitu chenye uzito, huulizi Kilatini. Unauliza nani aliliandika hivyo, na lini. Henry Fielding aliliandika hivyo katika karne ya 18, na hakuwa peke yake. Waliolikataa walikuwa na kanuni. Fielding ana sentensi iliyochapishwa, na kwangu sentensi hiyo inatosha.

Murray alifariki mwaka 1915 akiwa katika herufi T. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na nukuu zaidi ya 1,800,000. Neno moja, "bondmaid", lilikosekana kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea.

Sisi tunaosema Kiswahili tunabishana kila siku juu ya neno lipi ni sahihi, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kamusi zetu hutupa maana. Ni nadra kutwambia nani alilitumia neno na mwaka gani. Basi msomaji, ukimsikia mvuvi wa Lamu au fundi wa gereji Magomeni akitumia neno kwa maana usiyoijua, usikimbilie kumsahihisha. Andika sentensi yake yote, mahali na tarehe, kisha uitunze.