Kichocho na Saratani ya Tezi Dume Kisiwani Pemba

Zamani, kwa watu wa Pemba, damu katika mkojo ilikuwa na jina moja: kichocho. Jina hilo lilistahili, kwani konokono wa vijito na mabwawa waliyaeneza maradhi hayo sehemu nyingi za kisiwa, na watoto wengi waliyapata. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kuyapiga vita. Wanafunzi wakapimwa mkojo maskulini na kupewa dawa ya prazikwanteli. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha PSA, kwanza kwa kuwafuatilia wenye saratani ya tezi dume. Mwaka 1994 kikaruhusiwa kusaidia kuigundua.

Kichocho kimepungua sana Pemba. Fasiri ya zamani nayo haina budi ipungue. Mzee akikojoa damu, huenda akadhani ni maradhi ya utotoni, kumbe ni tezi. Tena saratani hiyo huanza kimya. PSA hutia shaka tu. Yakini hupatikana kwa kukitazama kipande cha tezi kwa hadubini. Ikigunduliwa mapema, huweza kuponywa kwa upasuaji au mionzi. Ikiisha kuenea, huzuiwa kasi kwa kupunguza homoni za kiume, njia aliyoidhihirisha Charles Huggins mwaka 1941. Jina la ugonjwa likikosewa, dawa nayo hukosewa.