Neno la wiki: Tarishi

Tarishi ni mpeleka barua wa ofisini: hukabidhiwa bahasha akaifikisha, yaliyomo hayamhusu. Neno hili lina kazi mpya. Tuseme shule moja ya Suji, juu milimani Same, ina programu ya ada. Mzazi akilipa, programu huandaa stakabadhi na kuikabidhi kwa huduma ya barua pepe iliyoko kwenye wingu, kwa utaratibu wa SMTP uliochapishwa mwaka 1982. Seva ya mpokeaji hukagua kumbukumbu za kikoa cha shule: je, huyu ametumwa kweli? Asipotambulika, stakabadhi huenda ikatupwa kwenye barua taka. Huduma hiyo tuiite tarishi, ili mhasibu ajue kwamba tarishi naye huhitaji kutambulishwa kabla ya kutumwa.