Elimu ya Watu Wazima na Uchumi wa Tanzania

Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipolieleza Bunge Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisema kwamba yafaa watu wazima waelimishwe kwanza. Watoto hawataongeza pato la nchi ila baada ya miaka mitano, kumi au hata ishirini. Wazazi wao jembe wanalo mkononi tayari.

Basi mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa ya Ziwa Viktoria, mradi uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968 ulifundisha kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na migomba, hata mkulima akajifunza herufi pamoja na kazi yake. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili mwaka 1967, walihesabiwa kuwa 39 katika kila 100 mwaka 1975.

Hapana shaka ulikuwa ushindi. Lakini miaka ya 1980 uchumi ulipodhoofika, vitabu na magazeti yaliadimika vijijini, na wengi waliokwisha kufaulu wakasahau tena. Waliodhani kufaulu ndio mwisho wa elimu waliipalilia shamba palizi moja tu; mavuno yalitaka ya pili, na ya tatu.