Mipango miji na maisha ya mtaani: Dar es Salaam

Mipango miji ni kazi ya kuamua ardhi ya mji itumikeje: wapi pajengwe nyumba, wapi pawe soko, barabara iwe na upana gani, maji ya mvua yapite wapi. Huamuliwa ofisini juu ya ramani, lakini matokeo yake huonekana mtaani: gari la zimamoto linafika mlangoni au linaishia barabara kuu, jeneza linapitaje kichochoroni. Dar es Salaam, mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, ni mfano mzuri, kwa kuwa kila enzi ya upangaji imeacha humo alama ambazo wakazi wanazikanyaga hadi leo.

Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakatoa na kanuni za ujenzi zilizotenga eneo la ufukweni kwa nyumba za Kizungu. Kanuni hizo zilitaja aina ya nyumba, si rangi ya mtu; ila asiye na uwezo wa kujenga nyumba ya Kizungu alijua kuwa ufukwe ule si wake. Waingereza waliukaza mgawanyo huo miaka ya 1920 kwa kanda tatu, ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo tupu la kutenga watu, Mnazi Mmoja, afya ikiwa ndiyo hoja. Mambo yakageuka. Uwanja uliowekwa kuwatenganisha watu ndio uliowakusanya kwenye mikutano ya TANU, chama cha kudai uhuru kilichozaliwa mwaka 1954 jirani na hapo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Kanda zenyewe zilikufa kisheria, lakini neno “uswahilini” lingali hai midomoni, likiwa na kinyume chake kipya, “ushuani”, mitaa ya wenye uwezo.

Kariakoo, iliyopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilichorwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vidogo. Juu ya viwanja hivyo ilisimama nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani jikoni na choo, mbele baraza. Ni ramani iliyokubali upangishaji wa chumba kimoja kimoja. Wapangaji wasio ndugu walitumia ua mmoja, na baraza likawa mahali pa bao, kahawa na habari za mtaa. Maghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba hizo yamegeuza mstari wa baraza kuwa fremu za maduka. Kahawa bado ipo, ila mnywaji sasa anasimama.

Somo kubwa zaidi, hata hivyo, liko Sinza na Manzese, maeneo yanayopakana. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kabla watu hawajajenga: barabara kwanza, bomba la maji, kisha kiwanja, na nyumba mwananchi ajijengee mwenyewe. Manzese ilikuwa imeshajaa, hivyo ikaboreshwa ikiwa na watu wake. Zaidi ya miongo minne baadaye tofauti inaonekana bila kuhitaji mtaalamu. Sinza nyumba zimekua na kupanda juu, na kando ya barabara zake zimejipanga baa, saluni na maduka, kwa sababu gari linafika na mwenye kiwanja alijua mpaka wake. Manzese, ukiiacha barabara, unaingia njia za mguu ambamo hata kuvuta maji taka ni kazi. Si kwamba watu wa Manzese ni wazembe. Walitangulia mpimaji, basi. Na hivyo ndivyo sehemu kubwa ya jiji ilivyojengwa, ingawa mipango mikuu ilichorwa mwaka 1949, 1968 na 1979.

Enzi ya sasa nayo ina alama yake: tangu Mei 2016 mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, umechora upya asubuhi za wakazi wa Kimara. Awamu ya kwanza, kilomita 20.9, iliyapa mabasi njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro na kuziondoa daladala zilizokuwa zikienda nayo sambamba. Safari ikafupika. Foleni ikahamia kituoni, na bodaboda wakapata kijiwe kipya pale abiria anaposhuka.

Lakini njia hiyo inavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, na karakana ya mabasi ikajengwa humohumo bondeni. Mto ukifurika, barabara hufungwa, na mji hukatika vipande viwili kwa saa kadhaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya mjini. Mradi wa sasa wa bonde la Msimbazi umebomoa nyumba kwa fidia, na daraja jipya la Jangwani linajengwa juu zaidi ya maji.