Kilo: Mvua ikijaza shimo, mtu mkubwa afanye nini na siku zake?

Kilo, teritwari ya Djugu. – Mvua ya usiku mmoja inatosha. Asubuhi shimo limejaa maji, motopompe ni moja na mashimo matatu yanaingojea, na PDG anaambia watu wake warudi nyumbani mpaka maji yaishe. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa wiki. Mchimbaji wa miaka 35 ao 40 anajikuta ameketi mbele ya nyumba saa tatu ya asubuhi, mikono haina kazi, watoto wako masomoni. Saa nne anasimama, anaenda kutembeatembea. Saa kumi anarudi, na franga kidogo zilizokuwa mfukoni zimebaki kwa mama wa lutuku ao kwa kijana wa pari za mpira.

Hatutaji jina la mtu hapa, kwa sababu jambo hili ni la watu wengi. Na si la wachimbaji peke yao. Mwalimu wakati wa vakansi, motari siku njia imefungwa, mama aliyemaliza kulea na watoto wameenda Bunia kusoma, wote wanafika pahali pamoja: saa ziko, kitu cha kufanya nazo hakiko.

Neno lenyewe linasumbua. Kwa Kifaransa watu wanasema loisir, na wengi wakisikia hivyo wanafikiri mambo ya matajiri ao ya watoto wa shule. Hapa maana yake ni ndogo tu: kitu ambacho mtu anafanya kwa kupenda, hakimlipi, na kesho anataka kukirudilia. Kulala si hicho, hata kama mwili unahitaji kulala. Pombe pia si hicho. Ukinywa leo, kesho unaanzia pale pale ulipoanzia jana. Kitu cha kujifunza kinaongezeka, wiki ya tatu haifanani na wiki ya kwanza.

Saa za Kilo

Zamani saa za hapa zilikuwa na mpango mwingine. Dhahabu ilionekana karibu na mto Agola mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, mwaka 1966 ikawa OKIMO, na leo ni SOKIMO. Mtu wa kampuni alikuwa na saa ya kuingia na saa ya kutoka, na alijua mbele ya wakati siku yake ya kupumzika ni ipi. Leo wengi wanachimba kwa mikono, kila ekipe na shimo lake. Anayepanga saa ni mvua, na bei ya dhahabu, na usalama. Tangu mwisho wa mwaka 2017 teritwari ya Djugu imepita katika mauaji na kukimbia mara kwa mara, na tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jimbo lote la Ituri limewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kuna siku ambapo hakuna anayetoka kijijini.

Kwa hiyo wakati wa bure wa Kilo unakuja vipande vipande, bila kupiga hodi. Njo maana mashauri mengi yanayosemwa mahali pengine hayasaidii hapa. Mtu akiambiwa ajiandikishe kwa mafunzo ya kila siku ya Posho ku Bunia, ataenda mara mbili, mara ya tatu njia haipitiki, na basi, imeisha. Kinachodumu Kilo ni kitu kilicho karibu na nyumba, kinachoomba pesa kidogo, na ambacho unaweza kukiacha leo na kukishika tena kisha siku kumi bila kupoteza kitu. Na, ni vibaya kusema lakini ni kweli, kitu ambacho unaweza kukimbia nacho.

Haya ya kuanza ukubwani

Mbele ya pesa, kizuizi cha kwanza ni haya. Mtoto akikosea watu wanacheka naye. Papa wa watoto watano akikosea noti kwenye repetisyo, anafikiri kijiji kizima kimemwona. Na kule ku kariere mtu huyo huyo anaogopwa! Kizuizi cha pili ni swali la nyumbani: "Hii inaleta nini?" Swali si baya. Lakini mtu anayelijibu kwa ahadi ya pesa anajifunga mwenyewe, kwa sababu mwezi wa pili pesa haijafika na mchezo umekuwa deni.

Kizuizi cha tatu ni kukata tamaa mapema. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuata watu 96 waliokuwa wanajaribu kuingiza jambo jipya katika maisha yao ya kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Kwa wastani ilihitaji siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujilazimisha, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi. Kwa mtu wa Kilo jambo hili la mwisho lina uzito kuliko yote, maana hapa siku za kuruka haziwezi kukosekana.

Mangola

Kama kungekuwa kuchagua kimoja tu, mchezo wa mbegu na mashimo ungekuwa wa kwanza. Sehemu nyingi za Kongo wanauita mangola, ng'ambo ya ziwa Albert, Uganda, ni omweso, Rwanda ni igisoro, na watu wa pwani wana bao lao. Kanuni zinabadilika kutoka mahali hadi mahali, na wazee wa mtaa mmoja wanaweza kubishana na wa mtaa wa pili kutwa nzima. Anayeanza afuate kanuni za wale atakaocheza nao.

Kwa namna ya Uganda, ambayo si ngumu kuanza nayo, ubao una safu nne za mashimo nane nane, yaani mashimo 32, na mbegu 64. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake na mbegu 32. Unachukua mbegu zote za shimo moja lenye mbegu mbili ao zaidi, unazigawa moja moja katika mashimo yako, ukizunguka kinyume cha mshale wa saa. Ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, umemaliza, zamu ni ya mwenzako. Ikianguka katika shimo lenye mbegu, unazichukua zote na kuendelea. Lakini kama shimo hilo liko katika safu yako ya ndani, na mashimo mawili ya adui yaliyo mbele yake yote yana mbegu, unazinyakua mbegu zake na kuanza kuzigawa kwako, kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Anayefika pahali hana shimo lenye mbegu mbili za kucheza, ameshindwa.

Kumbe haihitaji ubao. Mashimo yanachimbwa ardhini kwa kidole, chini ya mwembe, na mbegu zinaweza kuwa vijiwe. Wenye uvumilivu wanachonga ubao wao wenyewe, na hapo mtu amepata vitu viwili kwa mara moja, kuchonga na kucheza. Faida yake kwa mtu mkubwa ni kwamba mchezo huu unaheshimu umri: kijana ana mkono wa haraka, lakini mzee anahesabu mizunguko miwili mbele. Anayeanza atapigwa, na atapigwa mwezi mzima. Ni heri atafute mwenzake anayeanza kama yeye, wapigane wao kwa wao, kisha ndio waende kwa wazee.

Dame ni ndugu yake wa karibu. Ubao wa miraba 100 unachorwa kwa makala juu ya kipande cha mbao ao karatoni, kila upande vifuniko 20, upande mmoja vya pombe na wa pili vya sukre. Tahadhari ni moja kwa michezo yote miwili: mara tu watu wanapoanza kuweka franga juu ya ubao, wabaya wa mchezo wanaondoka, na waliobaki wanacheza kwa hasira.

Kuimba, na ile orkesta ya Kinshasa

Kwaya ni mlango ulio wazi kuliko yote, na ajabu ni kwamba watu wakubwa wengi, wanaume hasa, wanaupita tu. Parokia za Kikatoliki, CECA 20, Waanglikana, wote wana kwaya, na tenori na basi ni sauti zinazotafutwa kila mara. Kusoma noti haiko lazima. Wengi wanajifunza kwa sikio ao kwa do-re-mi, mstari kwa mstari. Repetisyo mbili ao tatu za kwanza zinauma. Kwa wale wasiosali, ama waliogombana na kanisa lao, gitaa ya kuazima na rafiki mmoja anayejua akordi tatu vinatosha kuanza.

Anayefikiri amechelewa aangalie Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi yake, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Karibu watu wote aliokuwa nao hawakuwa wanamuziki wa kazi. Ala zilikuwa kidogo kuliko watu, wakapokezana, mmoja akimaliza anampa mwenzake. Uzi wa violini ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Filamu juu yao, Kinshasa Symphony, ilitoka mwaka 2010 na ikawapeleka mbele ya macho ya dunia. Miaka 16 ilikuwa imepita, na mchana walikuwa bado wanafanya kazi zao nyingine.

Wakati wa mamama

Hapa lazima kusema wazi: mama wa Kilo hana siku mbili za kukaa shimo likijaa. Maji, kuni, soko, watoto, na kwa wengi kutwanga mawe ya dhahabu. Wakati wake wa bure ni dakika ishirini kati ya chungu na mtoto. Wanaume wanaolalamika kwamba hawana cha kufanya wangeweza kuanza kwa kuchota maji, na dakika ishirini zingekuwa saa moja.

Kroshe inaingia katika dakika hizo vizuri. Uzi na ndoano vinakaa katika mfuko wa kikwembe, unaacha katikati ya mstari na hakuna kinachoharibika. Kipande cha sipoku ya baiskeli kikikunjwa ncha na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka kisishike uzi, kinafanya kazi ya ndoano. Ukikosea unafungua, uzi ule ule unarudi mwanzo. Ni kati ya vitu vichache sana ambapo kosa halina bei.

Bustani ndogo nyuma ya nyumba pia ni ya wote. Lengalenga inaanza kuchumwa kisha wiki tatu ao nne, na kwa anayeanza ni vizuri kuona matokeo haraka hivyo. Wengine wanafikiria samaki, na mashimo ya zamani yaliyojaa maji yanawavuta. Waache. Pahali watu walipooshea dhahabu kwa zebaki, sumu inabaki katika tope, na katika maji inageuka aina inayoingia katika nyama ya samaki na kuongezeka humo. Familia inayokula inaipokea, na mtoto aliye tumboni anaumia kuliko wote. Kidimbwi cha samaki kinachimbwa upya, mbali na kariere, ao kinaachwa.

Mpira wa maveterani

Mpira hauhitaji kufundishwa. Linalohitajika ni kuambiana ukweli juu ya magoti. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mkubwa atembeze mwili kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na wachimbaji wengi wanazipita wakiwa kazini. Kwao mpira ni wa kucheka tu, siku ya Yenga kisha misa. Aliyekaa miaka kumi kwenye kiti cha ofisi ao cha duka, yeye aanze kwa kutembea mwezi mmoja mbele ya kuvaa viatu vya mpira. Saa ya kurudi iangaliwe pia. Mchezo unaomalizika giza likiingia, katika eneo lenye kuzuiwa kutembea usiku, unaweza kumwingiza mtu katika shida na doria.

Kuchagua

Anayesoma mpaka hapa na bado hajui aanze na nini, ajiulize alikuwa anapenda kufanya nini akiwa na miaka 12, mbele ya kariere. Aliyekuwa anachonga magari ya mbao, mikono yake bado inakumbuka. Aliyekuwa anasikiliza redio ya babu yake mpaka anafukuzwa, redio za jamii nyingi nchini zina klabu za wasikilizaji, watu wanakusanyika, wanasikiliza kipindi pamoja, wanabishana, wanatuma maswali. Kisha achague kimoja, si vitatu, na ajipe miezi mitatu mbele ya kusema kimemshinda. Asinunue kitu mwezi wa kwanza. Aazime.

Na asifanye peke yake, kama inawezekana. Wawili wanatosha. Siku mvua imenyesha usiku na PDG amefukuza watu, mmoja atapita kwa mwenzake saa tatu ya asubuhi na mbegu 64 katika kikopo cha maziwa, mbele ya wa tatu kupita akiwaalika kwenda kwa mama wa lutuku.